Town Car au Cadillac DTS? Jibu liko chini ya gari

Swali: Mimi ni Mkenya wa Pwani, naishi Minneapolis na mume wangu, watoto watatu na mama mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Nimepata magari mawili ya kuchagua. La kwanza ni Lincoln Town Car Signature Limited ya 2007, maili 104,000, mwenyewe ni mzee mstaafu na anataka dola 6,500. La pili ni Cadillac DTS ya 2006, maili 88,000, liko kwa muuza magari kwa dola 5,900. Kazini kwangu ni maili 35 kwenda na 35 kurudi, karibu zote barabara kuu. Shemeji anasema haya ni magari ya wazee, yanakula mafuta na hayafai kwenye theluji. Mimi nimeyapenda. Na je, tukirudi nyumbani moja kwa moja naweza kulipeleka Mombasa?

Jibu: Dada, kati ya hayo mawili ningekuelekeza kwenye Lincoln, kwa sharti kwamba chasi yake haijaoza. Kwa gari lililokula chumvi ya barabara za Minnesota kila majira ya baridi tangu 2007, sharti hilo ni zito, na nitalieleza kwa urefu. Ila kwanza nikueleze magari haya ni ya namna gani, maana uzuri wake na ubaya wake vina asili moja.

Hadi miaka ya 1970 Marekani ilikuwa na petroli ya bei ya chini na barabara ndefu zilizonyooka, na mtu aliyefanikiwa alijulikana kwa urefu wa gari lake. Lincoln Continental za katikati ya muongo huo zilikaribia mita 6 na zilipatikana na injini ya lita 7.5. Cadillac walifika lita 8.2. Yakaja masaibu ya mafuta ya 1973, na mwaka 1975 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyowabana watengenezaji wapunguze ulaji wa mafuta. General Motors wakayafupisha magari yao makubwa kuanzia modeli za 1977, Ford wakafuata. Cadillac wakahamia polepole kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Fleetwood, sedani yao ya mwisho ya mtindo wa zamani, ilikoma mwaka 1996 huko Arlington, Texas, na kiwanda hicho kikapewa kazi ya magari yaliyoinuka, kama SUV, yenye faida kubwa zaidi. Kati ya sedani za kifahari za Marekani, Town Car ikabaki peke yake katika mtindo huo mpaka tarehe 29 Agosti 2011, ya mwisho ilipotoka kiwanda cha St. Thomas, Ontario.

Mtindo wenyewe ni huu: chasi ya chuma inajitegemea, bodi imekalishwa juu yake na kufungwa kwa bolti zenye mipira, injini ya V8 (silinda nane kwa safu mbili zenye umbo la V) iko mbele, propela shafti inapita katikati, na nyuma kuna ekseli nzima. Ndivyo pikapu zinavyojengwa hadi leo. Ukipita juu ya kiungo cha daraja, mtikisiko unapungua kwenye matairi, kisha kwenye saspensheni, kisha tena kwenye mipira iliyo kati ya chasi na bodi, na unachosikia ndani ni kishindo cha mbali tu. Kwa safari zako za maili 70 kwa siku, utashuka kazini mgongo ukiwa haujui kama umesafiri. Hilo si jambo dogo kwa mtu anayefanya kazi ya kusimama, na mimi sioni aibu kulitanguliza kuliko mwendo kasi na kona kali.

Faida ya pili ni spea, na kwa familia yenye bajeti ndiyo naiona kubwa kuliko zote. Chini ya nguo zake nzuri, Town Car ni ndugu wa Ford Crown Victoria na Mercury Grand Marquis. Crown Victoria ndiyo iliyokuwa gari la polisi karibu nchi nzima na teksi ya njano ya New York. Town Car yenyewe ilibeba abiria wa viwanja vya ndege na mabwana wa maofisini kwa miongo. (Uliza ndugu walioko Muscat au Dubai, Grand Marquis wanaijua vizuri.) Matokeo yake ni kwamba boljointi, bushi, koili, pampu ya maji, rota za breki, karibu kila kitu kinapatikana duka lolote la spea kwa bei ya kawaida, na kwenye makaburi ya magari bado zimejaa. Injini ni V8 ya lita 4.6, nguvu za farasi 239, bloku ya chuma cha kutupwa, mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, haina tabo. Fundi yeyote wa mtaani aliyewahi kushika gari la polisi anaijua. Ikipewa oili kwa wakati, kufika maili 300,000 si ajabu, na zile za abiria wa ndege zilifika huko mara nyingi.

Sasa ubaya.

Town Car hiyo ina urefu wa mita 5.47. Nafasi ya kawaida ya kuegesha Marekani ni futi 18, yaani mita 5.49. Fanya hesabu mwenyewe: gari linajaza mstari hadi mstari, na milango yake mirefu haifunguki yote kama jirani ameegesha karibu. Kama nyumba yenu ina gereji ya zamani, chukua futi ya kupimia leo kabla hujapiga simu kwa mzee. Nimeshaona watu wakinunua gari la kifahari likaishia kulala nje kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri kwa sababu mlango wa gereji haufungi.

Mafuta: makadirio ya serikali kwa Town Car za miaka ya mwisho ni maili 16 kwa galoni mjini na 24 barabara kuu. Kwa njia yako tuchukue 20, tusijidanganye. Maili 350 kwa wiki ni galoni 17.5. Sedani ya kati ya Kijapani inayotoa maili 27 ingetumia kama galoni 13. Kwa bei ya dola 3.50 kwa galoni, tofauti ni takriban dola 16 kwa wiki, karibu dola 800 kwa mwaka. Shemeji hakukosea hapo. Ila linganisha na bei ya kununua: sedani ya Kijapani ya mwaka huo huo yenye maili hizo hizo na hali hiyo hiyo mara nyingi inauzwa ghali zaidi, na tofauti hiyo inakulipia mafuta ya muda mrefu. DTS haitakuokoa, ulaji wake ni ule ule, hata kidogo zaidi.

Usalama una pande mbili. Uzito wa kama tani mbili na pua ndefu vinakulinda ukigongana na gari dogo. Lakini Town Car haikuwahi kupata mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari lisiserereke ubavu, ule uliofanywa lazima kwa magari yote mapya ya Marekani kuanzia modeli za 2012. DTS ilipatikana nao. Tena tangi la mafuta la Town Car limekaa nyuma ya ekseli, na muundo huo ulileta kesi nyingi baada ya magari ya polisi kugongwa nyuma kwa kasi na kushika moto. Ford wakatoa ngao za kukinga matangi ya magari ya polisi. Kwa mwenye gari binafsi hatari hiyo ni ndogo, lakini ipo, nawe una haki ya kuijua.

Kuhusu theluji, gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, na uzito mwingi ukiwa mbele, litateleza ukiliacha na matairi ya msimu wote. Tenga dola 600 hadi 800 za seti ya matairi ya theluji na uzihesabu ndani ya bei ya gari. Polisi wa Minnesota waliendesha Crown Victoria majira ya baridi miaka na miaka. Linawezekana, ila si bila matairi hayo. Ukiniambia hutayanunua, basi sitakushauri ulichukue.

Nihamie kwenye Cadillac, kwa kuwa maili zake chache zinavutia. DTS inavutwa na magurudumu ya mbele, haiyumbi sana kwenye theluji, ndani ni nzuri kuliko Lincoln, na injini yake ya Northstar, nayo lita 4.6, ni tamu kuendesha. Northstar za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilijipatia jina baya: bolti za silinda hedi zilikuwa zinang'oa nyuzi kwenye bloku ya alumini, gasketi inaungua, gari linachemsha. Dawa yake ni kutoboa kila tundu na kuweka nyuzi mpya za chuma, na kwa kawaida injini inashushwa. Kuanzia 2004 hivi bolti zilibadilishwa, na hali ikawa nafuu. Kwa hiyo hiyo ya 2006 siihukumu kwa madhambi ya kaka zake.

Ninachokiogopa ni namna ya kufikia vitu. Injini imelazwa kwa upana ndani ya boneti iliyobanana. Stata imefichwa katikati ya V, chini ya manifodi ya hewa. Stata ikifa, fundi anafungua juu ya injini. Bloku imegawanyika sehemu mbili, ya juu na ya chini, na oili ikianza kuvuja kwenye muungano huo, kuifunga vizuri ni kazi ya kushusha injini yote. Baadhi ya DTS zina shokapu za sumaku, na bei ya moja inaweza kukupa shokapu zote nne za Lincoln. Spea ya gari hilo huenda ikawa dola 60, na kazi ya kuifikia ikawa dola 900. Maili 88,000 hazikukingi na hilo, kwa sababu mpira wa sili huzeeka kwa miaka pia.

Turudi kwenye Lincoln na jinsi ya kulikagua, maana hapa ndipo pesa yako inapookoka au kupotea.

Nenda mchana, na muombe mzee akuruhusu ulipeleke gereji linyanyuliwe. Mwambie fundi jambo hili kabla hajagusa jeki: nyuma ya Town Car kuna mifuko ya hewa badala ya springi za chuma, na ndani ya buti kuna swichi ya kuizima. Lazima izimwe kabla gari halijanyanyuliwa, vinginevyo mifuko inaweza kuharibika.

Gari likiwa juu, chukua bisibisi ndefu na tochi. Fuata reli za chasi kutoka mbele hadi nyuma, pande zote mbili. Kutu ya rangi ya chungwa iliyolala juu juu haina neno. Unatafuta kutu inayobanduka magamba. Gonga na mpini wa bisibisi: chuma kizima kinatoa sauti ya kulia, kilichooza kinatoa sauti butu. Kaza macho zaidi pale reli inapopanda kuvuka ekseli ya nyuma, sehemu hiyo hukusanya tope lenye chumvi na halikauki. Kisha angalia mikono ya saspensheni ya nyuma inaposhikana na chasi, paipu za breki zinazofuata reli, na shingo ya kujazia mafuta. Bisibisi ikizama kwenye reli, mshukuru mzee, mwage, uondoke, hata kama injini inanguruma vizuri na viti vinang'aa. Paipu za breki zinabadilishwa. Chasi iliyooza mtu anaweza kukuunganishia vipande, lakini mimi nisingempakia mtoto humo. Na ukiona chini kumepakwa rangi nyeusi mpya kabisa, uliza kwa nini.

Mifuko ya hewa yenyewe huvuja kwa uzee. Dalili ni rahisi: omba kuliona gari asubuhi kabla halijawashwa. Kama nyuma imelala chini, mfuko au kompresa imechoka. Usiogope. Mifuko mipya si ghali, na kuna wanaofunga springi za kawaida kwa dola mia chache wakaachana na hewa kabisa. Mimi ningebaki na hewa: watu na mizigo wakijaa nyuma, gari linabaki limesawazika, na hiyo ni nusu ya raha yake.

Kwenye injini, tazama mbele ya manifodi, karibu na thamostati, kama kuna alama nyeupe za maji ya rejeta yaliyokauka. Manifodi za plastiki za Ford za kabla ya 2002 hivi zilipasuka sana hapo. Za baadaye ziliboreshwa, ila bado huvuja kwenye gasketi. Maji yakiingia kwenye matundu ya plagi yanaua koili, na utalihisi gari likitetemeka ukikanyaga mafuta taratibu kwa maili 45. Wakati wa kulijaribu, washa taa kubwa uziache nusu saa, maana familia hii ya magari ina moduli ya taa ambayo hukata ikishapata joto. Jaribu kiyoyozi kwa baridi na kwa moto, kila dirisha, kila kiti.

Gari la mstaafu lina ugonjwa wake tofauti na lile la abiria wa ndege. Lile limechakaa kwa kazi, hili limekaa. Soma matairi: kwenye ubavu kuna namba nne mwishoni mwa alama za DOT, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Tairi la umri huo linaweza kuwa na meno mazuri na bado lisifae kwa maili 70 za barabara kuu kila siku. Oili ya gia na maji ya rejeta yamwagwe, yawekwe mapya, wiki ya kwanza. Namba ya VIN (namba ya utambulisho wa gari) ingiza kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani, uone kama kuna marekebisho ya kiwanda ambayo hayajafanywa. Hayo mara nyingi unafanyiwa bure.

Mama sasa. Watu hudhani gari kubwa ni rahisi kwa mwenye magoti. Kupanda Town Car ni rahisi, mlango ni mpana na hakuna kizingiti cha juu. Kushuka ndiko kuna kazi: kiti kiko chini na ni laini, inabidi ajisukume kwenda juu. Mwenye goti bovu mara nyingi hushuka kwa nafuu kwenye gari ambalo kiti chake kiko sawa na nyonga zake. Mchukue mama mwende naye, akae mbele, ashuke, akae nyuma, ashuke, bila kumsaidia. Akiugulia mara ya pili, umepata jibu, na litakuwa jibu hilo hilo kwa DTS.

Na nimehesabu: ninyi ni sita. Town Car ina nafasi sita kwa karatasi, kwa sababu mbele kuna benchi. Lakini ile nafasi ya kati mbele ina mkanda wa kiunoni tu, si mahali pa mtoto, na mtu mzima hapo anakaa kwa kubanwa. Kama mnatoka wote sita kila Ijumaa au Jumapili, dada, hakuna kati ya haya mawili linalokufaa. Tafuta Toyota Sienna au Honda Odyssey yenye historia safi. Kama mume ana gari lake na hili ni la kazi yako, shule na mama kwenda hospitali, hapo maneno yangu yote ya juu yanasimama.

Lincoln ikishindwa mtihani wa chasi, usirudi kwa DTS kwa hasira. Tafuta Buick: Park Avenue ya miaka ya mwisho, 2003 hadi 2005, au Lucerne ya 2006 hadi 2008 yenye V6 ya lita 3.8. Hazina fahari ya Lincoln, ila ni pana, laini, zinavutwa mbele, zinakula mafuta pungufu kidogo, na injini hiyo ni kati ya imara kabisa ambazo General Motors waliwahi kutengeneza.

Bei: kwa dola 6,500 mzee anauza kana kwamba hakuna kutu. Chasi ikiwa safi na matairi ni mapya, mpe karibu na anachotaka. Matairi yakiwa ya zamani na nyuma inalala usiku, anza na 5,000 na umwonyeshe ulichokiona; mstaafu aliyelitunza gari lake kwa kawaida anaelewa lugha hiyo.

Mombasa, hapana. Kenya haikubali kuingiza gari la abiria lenye usukani wa kushoto, na hata usukani ungekuwa kulia, mwisho ni miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Siku mkirudi, liuze hapo hapo Minneapolis, na utafute mnunuzi majira ya kiangazi, kabla theluji haijaanza kumtisha.